Mto Uliowaka Moto: Misingi ya Sheria ya Marekani ya Kuzuia Uchafuzi wa Maji

Maji huzima moto. Hilo halihitaji mwalimu. Lakini adhuhuri ya Jumapili, tarehe 22 Juni 1969, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, mto uliwaka moto. Mafuta na takataka zilizokuwa zikielea juu ya Mto Cuyahoga zilishika moto chini ya madaraja ya reli, na inadhaniwa kwamba cheche ilidondoka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikipita. Wazima moto walifika, na kwa muda wa nusu saa hivi kazi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola 50,000.

Kwa wenyeji wa Cleveland tukio hilo halikuwa geni. Mto huo ulikuwa umewaka mara kadhaa tangu mwaka 1868. Moto wa mwaka 1912 uliua watu watano, na ule wa mwaka 1952 ulileta hasara ya zaidi ya dola milioni moja. Ajabu ni kwamba moto wa mwaka 1969, uliokuwa mdogo kuliko hiyo, ndio ulioingia katika vitabu vya historia. Mwezi Agosti mwaka huo jarida la Time lilichapisha habari ya mto huo pamoja na picha ya kutisha ya mashua iliyozingirwa na ndimi za moto. Picha yenyewe ilikuwa ya mwaka 1952, lakini wasomaji wengi hawakujua. Walichojua ni kwamba katika nchi yao, iliyokuwa imetoka tu kumpeleka binadamu mwezini, kulikuwa na mto unaoshika moto.

Miaka mitatu baadaye nchi hiyo ilipata sheria ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa ulinzi wa maji yake. Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: sheria hiyo ilileta nini ambacho sheria zilizoitangulia hazikuwa nacho? Maana Marekani haikukosa sheria za maji kabla ya mwaka 1972. Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Sheria za zamani zilimtaka mlalamikaji athibitishe kwamba mto umeumia. Sheria mpya ilimtaka mchafuzi aonyeshe kibali.

Shirikisho la majimbo na mito isiyojua mipaka

Kwanza tulielewe neno shirikisho. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Juu ya majimbo hayo ipo serikali ya shirikisho, yenye Rais, Mahakama ya Juu, na bunge liitwalo Kongresi, ambalo nalo lina mabaraza mawili: Seneti na Baraza la Wawakilishi. Serikali hiyo ya shirikisho hutumia mamlaka iliyopewa na Katiba. Yaliyobaki ni ya majimbo au ya wananchi.

Katiba ya Marekani haisemi lolote kuhusu uchafuzi wa maji. Inasema, hata hivyo, kwamba Kongresi inaweza kusimamia biashara baina ya majimbo, na zamani biashara hiyo ilipita mitoni na maziwani kwa vyombo. Kwa mlango huo ndipo serikali ya shirikisho ilipoingia majini. Si ajabu, basi, kwamba sheria ya kwanza katika jambo hili iliwajali manahodha kuliko wanywaji wa maji.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1899. Ilikataza kutupa taka katika maji yanayopitika kwa vyombo bila kibali cha Wizara ya Vita. Lengo lake lilikuwa kuzuia meli zisikwame. Ndani yake mlikuwa na tundu kubwa: haikugusa uchafu wa majimaji unaotiririka kutoka barabarani na katika mifereji ya majitaka. Miji yote iliyokuwa ikimimina vinyesi mitoni ikasalimika.

Kwa miongo mingi sheria hiyo ililala. Ilipoamshwa, ilizua mjadala unaopaswa kumvutia kila mwanafunzi wa lugha. Kampuni moja ya mafuta iliachia kwa bahati mbaya petroli ya ndege katika Mto St. Johns, jimbo la Florida. Petroli hiyo ilikuwa bidhaa safi, yenye thamani, tayari kuuzwa. Je, ni taka? Mwaka 1966 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndiyo: kitu kikishaingia mtoni pasipostahili, thamani yake sokoni haikiondolei hali ya kuwa taka. Tulikumbuke tukio hilo, kwa sababu tutaona mbele jinsi hatima ya mito ilivyozidi kutegemea maana ya neno moja moja.

Mwaka 1948 Kongresi ilipitisha sheria ya kwanza iliyohusu uchafuzi wa maji wenyewe. Lakini iliwaachia majimbo kazi karibu yote. Ili serikali ya shirikisho imshitaki mchafuzi, ilibidi kwanza uchafu uvuke mpaka wa jimbo na kuhatarisha afya ya watu wa jimbo lingine. Kisha zifuate taarifa, vikao na majadiliano, na mwishowe idhini ya jimbo husika. Kamati ya Seneti ilipoutathmini utaratibu huo, ilikuta kwamba katika zaidi ya miongo miwili ni kesi moja tu iliyofika mahakamani.

Kwa nini majimbo yenyewe hayakuchukua hatua? Tuchukulie jimbo lenye kiwanda cha karatasi kandokando ya mto. Faida ya kiwanda, yaani ajira na kodi, inabaki jimboni. Uchafu unateremka na mto kwenda kwa watu wengine. Gavana akikibana kiwanda, mwenye kiwanda anatishia kuhamia jimbo jirani lenye sheria legevu. Kila jimbo likimsubiri mwenzake aanze, hakuna aanzaye. Hata hivyo, mwaka 1960 Rais Eisenhower alikataa mswada wa kuongeza fedha za shirikisho kwa kazi hiyo, akishikilia kwamba uchafuzi wa maji ni tatizo la mahali penyewe, la kushughulikiwa na wenyeji.

Mwaka 1965 sheria ilirekebishwa tena. Majimbo yalitakiwa kuweka viwango vya ubora kwa maji yanayovuka mipaka yao. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikwama kwenye ushahidi. Mto ukiwa na viwanda 20 na ukaonekana umechafuka kupita kiwango, nani kati ya hao 20 ndiye mkosaji? Kila mmoja alimnyooshea kidole mwenzake, na kumthibitishia mmoja wao kosa ilikuwa kazi ngumu mno.

Meya na Seneta

Turudi Cleveland. Meya wa mji huo alikuwa Carl Stokes, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza mji mkubwa nchini humo. Siku moja baada ya moto, Stokes aliwachukua waandishi wa habari akawatembeza kando ya mto na kuwaonyesha mahali uchafu ulipokuwa ukiingilia. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Novemba 1968, wapiga kura wa Cleveland walikuwa wamekubali mji wao ukope dola milioni 100 kwa ajili ya kuusafisha mto. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba wenyeji walikaa mikono kifuani. Kilio cha Stokes kilikuwa kwamba viwanda vilikuwa na ruhusa ya jimbo, na mji haukuwa na uwezo wa kuitengua. Fedha za mji zingeweza kujenga mitambo ya majitaka. Hazingeweza kuziba bomba la kiwanda.

Mambo yalikwenda kwa kasi baada ya hapo. Tarehe 22 Aprili 1970 mamilioni ya Wamarekani waliadhimisha Siku ya Dunia kwa mara ya kwanza. Mwezi Desemba mwaka huohuo Shirika la Kulinda Mazingira lilianza kazi chini ya Rais Richard Nixon. Katika Seneti, aliyeongoza uandishi wa sheria mpya ya maji alikuwa Edmund Muskie wa jimbo la Maine. Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Muskie alizaliwa Rumford, mji wa viwanda vya karatasi ulio kando ya Mto Androscoggin, mmoja wa mito iliyosifika kwa uchafu. Hakuhitaji kusimuliwa harufu ya mto uliokufa.

Tarehe 4 Oktoba 1972 mabaraza yote mawili yaliupitisha mswada. Katika Seneti kura zilikuwa 74 kwa 0. Katika Baraza la Wawakilishi, 366 kwa 11. Rais Nixon, aliyekuwa ameanzisha Shirika la Kulinda Mazingira, aliukataa mswada huo tarehe 17 Oktoba kwa kura yake ya turufu. Hoja yake ilikuwa gharama: alisema dola bilioni 24 zingeipasua bajeti ya taifa. Katiba ya Marekani inaruhusu kura ya turufu ya Rais itenguliwe iwapo theluthi mbili ya wapiga kura katika kila baraza watakubaliana. Siku iliyofuata Seneti ilitengua kwa kura 52 dhidi ya 12, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 247 dhidi ya 23. Miongoni mwa waliosimama kumpinga Rais alikuwamo Seneta Howard Baker wa Tennessee, wa chama kimoja naye.

Nixon hakukata tamaa. Aliagiza karibu nusu ya fedha za ruzuku zilizoidhinishwa kwa ajili ya mitambo ya majitaka zisigawiwe. Mji wa New York ukaenda mahakamani, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba fedha hizo zilipaswa kugawiwa kama sheria ilivyosema. Hapo mwanafunzi wa somo la uraia ana funzo la mihimili mitatu ya dola: bunge lilitunga, serikali ikasita, mahakama ikaamua.

Misingi mitano ya sheria ya 1972

Sheria hiyo, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 1977 inajulikana zaidi kwa jina la Sheria ya Maji Safi, ni ndefu na ina vifungu vingi. Hata hivyo jengo lake limesimama juu ya misingi mitano.

Msingi wa kwanza ni marufuku. Mtu yeyote haruhusiwi kumwaga kichafuzi chochote katika maji ya Marekani kutoka chanzo mahususi bila kibali. Chanzo mahususi ni njia inayoweza kuonekana na kutajwa: bomba, mtaro, mfereji, handaki, kisima, chombo cha majini, hata mazizi makubwa ya mifugo. Hapa ndipo mapinduzi yalipo. Mwendesha mashitaka hahitaji tena kuonyesha kwamba samaki wamekufa au kwamba mtoto ameugua. Anauliza maswali mawili tu: je, umemwaga? Je, unacho kibali na umekifuata? Wale wenye viwanda 20 hawawezi tena kunyoosheana vidole, kwa kuwa kila mmoja anajibu kwa bomba lake.

Msingi wa pili ni vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni cha ufundi: Shirika la Kulinda Mazingira huchunguza kila aina ya kiwanda, iwe ni cha karatasi, cha chuma, cha ngozi au cha sukari, na kuweka kikomo cha uchafu kulingana na mitambo ya usafishaji iliyopo. Kikomo hicho ni kimoja kwa nchi nzima, ili jimbo lisiweze kuvuta viwanda kwa kulegeza masharti. Kipimo cha pili ni cha mto wenyewe: jimbo hutamka mto ni wa kazi gani, kunywa, kuogelea, kuvua au kumwagilia, na kuweka ubora unaofaa kazi hiyo. Ikiwa mto bado ni mchafu hata baada ya viwanda kutimiza kipimo cha kwanza, jimbo hukadiria jumla ya uchafu ambao mto unaweza kuubeba kwa siku bila kuharibika, na vibali hukazwa ili kulingana na kadirio hilo.

Msingi wa tatu ni ushahidi wa mkosaji mwenyewe. Kibali hakidumu zaidi ya miaka mitano bila kuhuishwa. Mwenye nacho hupima maji anayomwaga na kupeleka taarifa yenye sahihi yake. Kudanganya katika taarifa hiyo ni jinai, na wananchi wanaweza kuisoma. Mkaguzi hawezi kukesha kwenye kila bomba la nchi. Kalamu ya mwenye bomba inamsaidia kukesha.

Msingi wa nne ni ushirikiano. Majimbo hayakunyang'anywa kazi. Jimbo likionyesha kwamba linaweza kusimamia vibali kwa masharti yasiyopungua yale ya shirikisho, hukabidhiwa kazi hiyo, na majimbo zaidi ya 40 yamekabidhiwa. Shirika la Kulinda Mazingira hubaki likitazama, na linaweza kuingilia kati. Fedha nazo zilitoka juu: kwa sheria ya 1972, serikali ya shirikisho ilichangia asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya majitaka ya miji. Mwaka 1987 Kongresi ilianza kubadili ruzuku hizo kuwa mifuko ya mikopo nafuu. Rais Reagan naye alikataa, na kura yake ya turufu nayo ikatenguliwa.

Msingi wa tano ni raia. Mtu anayeathirika anaweza kumshitaki mchafuzi yeye mwenyewe, baada ya kutoa notisi ya siku 60. Anaweza pia kulishitaki shirika la serikali lenyewe likishindwa kutimiza wajibu ambao sheria imelilazimisha kuutimiza. Faini inayotozwa huingia katika hazina ya taifa na haiendi mfukoni mwa mlalamikaji. Kwa hiyo hakuna utajiri wa kuchuma hapo. Kuna haki tu. Ukiniuliza mimi, msingi huu ndio unaozuia ile minne mingine isigeuke maandishi ya kabatini.

Kile ambacho bomba halikionyeshi

Je, sheria imefaulu? Mto Cuyahoga haujawaka tangu mwaka 1969 kwa namna ile. Samaki wamerudi, na mwaka 2019, miaka 50 baada ya moto, wakuu wa mazingira walitangaza kwamba samaki wa mto huo wanaweza kuliwa, kwa kufuata viwango vya ulaji vilivyoshauriwa. Miji ambayo zamani ilimimina majitaka mabichi leo ina mitambo. Hayo ni mafanikio yasiyobishaniwa.

Lakini sheria ilijiwekea malengo makubwa zaidi: maji yafae kwa samaki na kwa kuogelea ifikapo mwaka 1983, na umwagaji wa uchafu ukome kabisa ifikapo mwaka 1985. Tarehe zote mbili zimepita zamani na malengo hayajatimia. Sababu kubwa imo katika nguvu ileile ya sheria. Ilisimama juu ya bomba, na kuna uchafu usiopita kwenye bomba.

Mvua inaponyesha juu ya mashamba, huosha mbolea na samadi na kuzipeleka mitoni. Hakuna tundu moja la kuelekezea kidole. Shamba lote ni tundu. Sheria ya 1972 iliuacha uchafu huu uliotawanyika mikononi mwa mipango ya majimbo, na marekebisho ya baadaye yalitamka wazi kwamba maji ya mvua yatokayo mashambani na maji yanayorudi kutoka kwenye umwagiliaji hayahesabiwi kuwa chanzo mahususi. Haba na haba hujaza kibaba, na fosforasi ya shamba moja moja hujaza ziwa.

Matokeo yake yalionekana katika ziwa lilelile ambalo Cuyahoga humwaga maji yake. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2014, watu karibu nusu milioni wa mji wa Toledo, Ohio, na viunga vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Wala wasiyachemshe, kwa kuwa kuyachemsha kungeizidishia sumu nguvu. Sumu hiyo ilitoka kwenye mwani uliotanda katika Ziwa Erie, mwani uliokuwa umeneemeka kwa fosforasi iliyotoka kwa wingi mashambani. Amri hiyo ilidumu mpaka tarehe 4. Hakuna kiwanda kilichokamatwa, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu huo ilifika ziwani bila kuvunja sharti la kibali chochote.

Neno moja, mito mingi

Udhaifu wa pili ni wa lugha, nao unatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kwa namna ya pekee. Marufuku ya sheria inahusu "maji ya Marekani". Maneno hayo yanaonekana mepesi. Lakini je, kinamasi ni maji? Je, kijito kinachokauka kiangazi ni maji? Kongresi haikufafanua kwa kina, na mahakama zimeparurana na swali hilo kwa miaka 40.

Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ardhi oevu iliyopakana na maji yanayopitika imo ndani ya sheria. Mwaka 2006 majaji waligawanyika kiasi kwamba hakuna ufafanuzi uliopata kura tano kati ya tisa. Mwaka 2020 shauri lilitoka kisiwa cha Maui, Hawaii, ambako mtambo wa majitaka ulikuwa ukisukuma maji katika visima, nayo yakipita chini ya ardhi mpaka baharini. Mabishano yalikuwa juu ya neno "kutoka": uchafu uliopita ardhini kabla ya kufika baharini, je, umetoka kisimani? Mahakama ilisema kibali kinahitajika pale ambapo safari hiyo, kwa matokeo yake, ni sawa na kumwaga moja kwa moja.

Kisha mwaka 2023 ikaja kesi ya Sackett. Mume na mke walijaza changarawe katika kiwanja chao karibu na Ziwa Priest, Idaho, wakaambiwa wameharibu ardhi oevu inayolindwa. Majaji wote tisa waliwapa ushindi, lakini waligawanyika watano kwa wanne kuhusu sababu. Watano walisema ardhi oevu hulindwa tu ikiwa uso wa maji yake umeungana mfululizo na mto au ziwa la kudumu, hata iwe vigumu kuona yanapoishia haya na kuanzia yale. Wanne walijibu kwamba sheria ilitumia neno lenye maana ya kupakana, na kupakana si lazima kugusana. Fikiri, msomaji: nyumba iliyo ng'ambo ya njia, je, mwenye nayo si jirani yako? Kwa wengi wa majaji, sheria hii haimtambui jirani wa namna hiyo. Kwa uamuzi huo maeneo makubwa ya ardhi oevu yalitoka katika ulinzi wa shirikisho na kuachiwa majimbo, kila moja kwa kadiri linavyopenda. Swali la mwaka 1948 limerudi kwa mlango wa kamusi.

Kwetu

Sisi wa Uganda tunayo sababu ya kuisoma historia hii. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na kanuni za mwaka 1998 zinamtaka anayemwaga maji machafu awe na kibali. Ziwa Viktoria, hata hivyo, tunalishiriki na Kenya na Tanzania, na nchi tatu hizi si shirikisho. Hakuna bunge moja linaloweza kulifungia ziwa zima mabomba kwa sheria moja. Ipo itifaki ya mwaka 2003 na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria yenye makao yake Kisumu. Yaliyobaki yanategemea kila nchi kumtendea jirani yake kama ambavyo ingependa kutendewa. Majimbo ya Marekani yalishindwa kufanya hivyo kwa hiari kwa zaidi ya miaka 20, ingawa yalikuwa ndani ya taifa moja na yalisema lugha moja.

Ninawaachia wanafunzi wangu jambo moja. Sheria ya maji huanza kama swali la kemia na huishia kuwa swali la maneno: taka ni nini, kutoka ni wapi, jirani ni nani. Anayeijua lugha ya sheria ana silaha ya kulinda mto. Asiyeijua atausikia mto wake ukijadiliwa mbele yake, naye asijue kwamba umeshatolewa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya kumtaka mlalamikaji athibitishe madhara na kumtaka mchafuzi aonyeshe kibali. Ni njia ipi inayomfaa zaidi mwananchi wa kawaida?

2. Kwa nini kikomo kimoja cha uchafu kwa nchi nzima kinaweza kuwa na haki kuliko vikomo tofauti vya kila jimbo? Toa pia hoja ya kupinga.

3. Mkulima mdogo anayetumia mbolea na kiwanda chenye bomba, je, wastahili kubanwa na sheria kwa namna moja? Tetea jibu lako.

4. Tunga sentensi mbili kwa kila neno: kupakana, kugusana, kuungana. Kisha eleza ni neno lipi ungelitumia kama ungekuwa mtunga sheria anayetaka kulinda vinamasi vya kijijini kwenu.